Hakuna Aliyeondoa Tofali

Mimi si mtu wa kutulia. Hata haya nayaandika nimesimama, daftari juu ya kabati la vyombo, mguu mmoja ukigonga sakafu. Mama husema tangu nizaliwe nina haraka ya kwenda mahali nisipopajua. Kwa hiyo siku ile kule Masaka ya hapa Rwanda, niliposimama wima katika nyumba isiyoezekwa huku matofali yakipangwa kichwani mwangu, walionifahamu walishangaa kitu kimoja tu: kwamba sikutikisika. Hayo matofali hawakuyaona jambo kubwa. Mji huu unajengwa kila upande, kila mtaa una mwanamke mwenye matofali kichwani, na macho ya watu yamezoea.

Nieleze kwanza kazi yenyewe, maana mwenye nyumba wangu huku Kagarama mpaka leo anadhani mimi ni mchekeshaji. Riziki yangu ni cherehani. Nashona sare za shule na nguo za harusi, na wateja wangu wananisema kwamba nashona vizuri ila nanuna. Lakini kwa miaka kadhaa, pamoja na rafiki yangu mmoja aliyekulia Kampala, nimekuwa nikifanya maonyesho yasiyo na hadithi wala wimbo. Unauchukua mwili wako, unauweka mbele za watu, unaupa kazi moja, kisha unawaacha watazame unavyoishiwa nguvu. Nimewahi kufua shuka moja tangu asubuhi mpaka ngozi ya vidole ikachubuka. Nimewahi kukaa kwenye kiti huku kila apitaye akikata kipande cha nywele zangu, na mmoja alikata na sikio kidogo. Ukiniuliza ninayafanyia nini haya, kwanza nitakasirika, halafu nitakwambia sijui, halafu, ukiwa na subira, nitakwambia kwamba ni wakati ule tu ambapo kichwa changu hunyamaza.

Onyesho la matofali lilikuwa jepesi kulieleza. Nasimama. Kichwani nina kata, ule mviringo wa kitambaa ambao wabebaji huweka ili mzigo usiumize utosi, na juu ya kata kuna ubao. Pembeni kuna lundo la matofali ya kuchoma. Kwenye kibao tuliandika kwa Kinyarwanda, Kiswahili na Kifaransa: unaweza kuweka tofali moja, unaweza kuondoa tofali moja, wakati wowote. Mimi nisiseme neno. Onyesho liishe pale ubao utakapobaki mtupu, yaani watu wenyewe watakapoamua.

Rafiki yangu hakulipenda wazo hilo. "Dada, na wasipoamua?" aliuliza.

"Wataamua. Watu si mawe."

"Basi mimi nitakuwa karibu. Nikiona iko mbaya, nakuja kuondoa yote."

Nikamwambia kwamba akinigusa kabla ya wakati, urafiki wetu umekwisha. Nilimaanisha, naye aliijua hasira yangu. Siku ya siku akajipa kazi ya kushika kamera, nadhani ili mikono yake iwe na shughuli.

Sababu ya matofali sikumwambia hata yeye. Tuliporudi Rwanda kutoka Bujumbura nilikuwa bado shuleni. Kule Mama alikuwa muuza vitenge, mwenye meza yake sokoni na wateja wa kumwita kwa heshima. Huku hakuwa na meza wala mteja, akawa yede, msaidizi wa mafundi, kazi yake kupandisha matofali kichwani kutoka barabarani mpaka kwenye ukuta. Alibeba kumi na mawili kwa safari moja. Alifanya hivyo mpaka nilipomaliza shule. Alasiri moja nilikuwa natoka darasani na wenzangu, tukapita chini ya jengo moja hapa hapa Kagarama, nikamwona anapanda ngazi za miti. Akaniona. Nami nikageuza uso, nikacheka kwa nguvu jambo ambalo hata halikuchekesha, nikapita. Nyumbani alinipakulia chakula kama kawaida. Hatujawahi kulizungumza, na mimi nimelibeba miaka yote hiyo nikijitia hamnazo. Onyesho lile lilikuwa njia yangu ya kumwomba radhi bila kufungua mdomo. Na ujinga wangu ni kwamba wala sikumwalika. Nilimwambia tu nina kazi Masaka Jumamosi.

Kulikuwa na jambo jingine, na hilo ndilo lililokuwa linaninyima usingizi.

Katika mazoezi, nyuma ya chumba changu, nilipofika matofali manane mkono wa kushoto ulikufa ganzi. Nikautikisa, ukarudi. Kesho yake ukafa tena, ukachelewa kurudi. Wiki iliyofuata nilikuwa nashona gauni jeupe la bibi harusi, nikaona doa jekundu kwenye kitambaa, yakawa mawili, yakawa matatu. Nikatafuta lilikotoka. Sindano ilikuwa imepita kwenye kidole changu, na nilikuwa naendelea kukanyaga cherehani. Sikusikia kitu. Niliiona damu yangu kabla ya kusikia maumivu, na kusema kweli maumivu hayakuja kabisa.

Nilikwenda kwa daktari. Akanigusa hapa na pale, akanipiga picha, akaniambia kwamba pingili ya shingo inaubana mshipa. Nisibebe kitu chochote kichwani, hata ndoo ya maji. Nikiendelea, mkono unaweza usirudi tena. Alilisema polepole, kwa upole wa hapa kwetu, kana kwamba ananishauri kuhusu chumvi. Fundi cherehani asiye na mkono wa kushoto ni nini? Mkono wa kulia unaanzisha gurudumu, mkono wa kushoto ndio unaoongoza nguo. Bila huo, nguo inakwenda inakotaka. Niliikunja ile karatasi, nikaisukuma chini ya vifungo kwenye kopo, na sikumwambia mtu. Nilijiambia: onyesho moja tu, dakika ishirini tu. Nikajiambia pia kwamba madaktari wanapenda kutisha watu.

Jumamosi ikafika. Nyumba ilikuwa ya mjomba wa rafiki yangu, kuta zimesimama, paa bado. Watu walikuja kama hamsini, wasanii, majirani, wageni wawili watatu wenye madaftari. Walikaa kwenye mikeka mbele yangu, wengine na watoto mapajani, karibu sana kuliko tulivyopanga. Ng'ambo ya ua palikuwa na jengo jingine ambako kazi ilikuwa inaendelea, na mayede wanne wanawake waliacha kazi wakaja kuegemea fito za ua, wakiwa bado na kata zao kichwani.

Wa kwanza kuinuka alikuwa bwana mmoja mwenye suti. Alisoma kibao chote, lugha zote tatu, akachukua tofali, akasimama mbele yangu, akasema kwa sauti ya msibani, "Ihangane." Neno hilo hapa tunamwambia mgonjwa na mfiwa, maana yake vumilia, pole. Kisha akaweka tofali lake. Nyuma yake akaja mama mmoja mwenye sare ya kwaya. "Ihangane," akaweka. Vijana wawili wakafuata. Ihangane, tofali. Ihangane, tofali. Ikawa foleni, nzuri, iliyonyooka, kama watu wanaopeleka michango yao harusini.

Hapo ndipo nilipogundua kosa, nikiwa tayari na matofali sita kichwani. Nilipokuwa naliwaza onyesho hili usiku na mchana, niliwaona watu wakivutana: huyu anaweka, yule anakasirika anaondoa. Lakini mimi nawajua watu wa mji huu, nashona nguo zao, nala nao, na bado sikufikiri. Nani angesimama mbele ya watu hamsini aondoe tofali lililowekwa na bwana mwenye suti, naye bwana mwenyewe amekaa pale anatazama? Ingekuwa sawa na kuchomoa bahasha ya mwenzio kwenye kapu la michango. Asiyekubaliana nawe hapa hakunyang'anyi. Ananyamaza, anatazama viatu vyake. Niliviona viatu vingi vikitazamwa alasiri ile.

Saba. Nane. Kwenye la tisa mkono wangu wa kushoto, uliokuwa umeshika ukingo wa ubao, ulishuka wenyewe. Sikuushusha. Ulianguka ukaning'inia, nami nilijua tu kwa sababu niliuona kwa pembe ya jicho. Nikabaki na wa kulia. Foleni ilikuwa inakuja kutoka upande wangu wa kushoto, kwa hiyo kila mtu aliweka palepale alipofikia, na mzigo ukaanza kulalia kushoto.

Wale wanawake wa uani waliona kabla ya wote. "Ile mizigo iko inaegemea," mmoja alisema.

"Nyamaza, ni mambo yao," mwenzake akamjibu.

Jasho lilinishuka mpaka machoni. Niliwachukia wote. Nilimchukia bwana wa suti na upole wake, nilimchukia rafiki yangu nyuma ya kamera, ingawa mimi ndiye niliyemfunga mikono. Sikuweza kuinama, maana mzigo ule ukiinama nao unakuvunja. Sikuweza kuumwaga mbele, maana mbele kulikuwa na watoto. Nilikuwa naomba kimoyomoyo mtu mmoja tu, yeyote, aje aondoe moja. Kumi. Shingo ilianza kutoa joto upande mmoja.

Ndipo nikamwona Mama.

Alikuwa amekuja kutoka kwake Kabuga kwa pikipiki, amevaa kitenge chake cha kanisani, mkoba mkononi. Nani alimwambia sikujua wakati ule, na baadaye nilikuja kujua kwamba ni mteja wangu mmoja mwenye mdomo. Hakuniita. Hakushangaa. Alisimama mlangoni kwa muda akinitazama kuanzia miguuni, akapanda magotini, akapanda shingoni, akautazama mkono uliokuwa unaning'inia. Halafu akaenda akapanga foleni. Mama yangu mzazi, akasimama nyuma ya msichana mwenye simu, akasubiri zamu yake kwa adabu.

Msichana akaweka la kumi na moja, zamu ya Mama ikafika. Hakusoma kibao, hakuwa na miwani. Aliweka mkoba chini, akachukua tofali kwa mikono miwili. Nikasema moyoni: hata wewe. Nakiri kwamba kulikuwa na sauti ndani yangu iliyosema kwamba nimestahili, kwamba hili ndilo jibu la alasiri ile niliyogeuza uso. Alinizunguka, tofauti na wote waliomtangulia, akapita upande wa kulia, akaliweka tofali lake pembeni kabisa mwa ubao.

Na ubao ukakaa sawa.

Nilisikia shingo ikirudi mahali pake. Uzito ulikuwa umeongezeka, lakini ulikuwa umesimama katikati sasa. Katika watu wote waliopita, ni yeye peke yake aliyekuwa ameutazama mzigo. Wengine walinitazama mimi.

Hakurudi kukaa. Alibaki palepale kulia kwangu, karibu kiasi cha kunigusa, mikono tayari, macho yake kwenye mdomo wangu. Hakuniondolea kitu. Nilimtolea macho makali, nikamwomba kwa macho, naye akabaki amesimama. Nikaanza kuchemka. Kwa nini haondoi? Kwa nini kila mtu leo amekuwa mti?

Kisha nikakumbuka. Zamani, alipokuwa anarudi kazini ameloa vumbi jekundu, alikuwa akinisimulia mambo ya kule huku anaosha miguu, nami nikimsikiliza nusu. Alinisimulia kwamba mayede wana sheria yao. Mzigo ulio kichwani mwa mtu hauguswi mpaka mwenyewe aseme. Mwenzao mmoja aliwahi kusaidiwa na mpita njia mwenye huruma, aliyemwondolea matofali mawili kwa nyuma bila kumwambia, mzigo ukapinduka na shingo ikaenda nao. Tangu hapo ikawa ni lazima: mwenye mzigo aseme "nitue," ndipo wenzake waje. Asiposema, bado anabeba, na kumgusa ni kumuua.

Kwa hiyo yeye alikuwa anasubiri neno langu, na mimi, kwa sheria niliyojitungia mwenyewe nikaiandika kwa lugha tatu, sikuruhusiwa kusema. Nami nilikuwa nasubiri mkono wake. Tungeweza kusimama hivyo mpaka nianguke.

Aliyefuata kwenye foleni alikuwa ameshainua tofali la kumi na tatu. "Weye, ngoja," Mama alimwambia bila kumtazama. Akangoja. Mkecuru, yaani bibi mzee, akisema ngoja, hakuna wa kumbishia.

Ningependa kuandika kwamba nilifikiria shingo yangu. Sikuifikiria. Nilifikiria onyesho, miezi yote ile ya mazoezi, nikafikiria kwamba nikisema neno moja nimelivuruga na wale wenye madaftari wataandika kwamba nilishindwa. Nilifikiria hivyo nikiwa sina mkono kuanzia kiwiko kwenda chini. Kiburi changu kimeumbwa namna hiyo.

"Mama," nilisema. "Nitue."

Alikuwa ameshaanza kabla sijamaliza neno. "Weye wa kamera, acha iyo kitu, kuja huku! Mwenye shuti, simama hapa, ushike ubao, usiinue, shika tu. Moja huku, moja kule. Pamoja!" Wale mayede wanne waliruka fito bila kuitwa, maana neno lilikuwa limeshasemwa, wakawa wanapokea matofali kwa zamu, kulia na kushoto, haraka na bila kelele. Mama alinishika kiuno. Sikujua kwamba bado ana nguvu kiasi hicho. Ubao ulipoondoka, nikakaa kwenye vumbi mbele ya watu hamsini.

Watu wakapiga makofi. Walidhani ndivyo tulivyopanga. Mmoja wa wageni wenye madaftari alikuja akilia, akaniambia kwamba mwisho ule ulikuwa mzuri kuliko yote aliyowahi kuona. Nilitaka kumzaba kofi, ila mkono wa karibu naye ulikuwa ule wa kushoto. Mama alikuwa anaugeuzageuza ubao. "Hii ubao iko mwembamba sana," alimgombeza rafiki yangu. "Nani alimupa mwanangu kitu kama hii?" Rafiki yangu, mtu mzima mwenye ndevu, aliinamisha kichwa.

Jioni ile nilikwenda na Mama kwake Kabuga. Alinikalisha kwenye kigoda, akapasha chumvi, akaifunga katika kitambaa, akanikanda shingo. Hakuniuliza kilikuwa kitu gani kile, wala kwa nini matofali. Mimi nilikuwa siwezi kukaa. Nilinyanyuka, nikachungulia dirishani, nikarudi, nikanyanyuka tena, mpaka akanishika bega akanirudisha chini.

Simu ikalia. Ni rafiki yangu, sauti imejaa furaha. Wale wageni walikuwa wamempigia, wanataka tupeleke onyesho kwao, mwezi ujao, jukwaa kubwa, watu wengi. Kisha akauliza kama niko sawa kweli. Nikamwambia niko sawa. Nikamwambia tutakwenda. Nilisema ndiyo upesi kama mtu anayetupa kitu moto, na nilipokata simu Mama alikuwa ameacha kunikanda.

"Unaenda tena?"

"Ninakwenda, Mama. Ni kazi yangu."

"Na mkono?"

"Mkono umesharudi. Ulikuwa umechoka tu."

Aliweka kitambaa cha chumvi kando, akavuta kigoda chake akakaa mbele yangu, magoti yetu yakagusana. Akauchukua mkono wangu wa kushoto, akaulaza wazi juu ya goti langu, kiganja juu.

"Fumba macho," alisema.

"Mama, mimi si mtoto."

"Fumba."

Nikafumba. Nje pikipiki zilikuwa zinapita kuelekea sokoni. Nilijua anataka kufanya nini, na nilijiandaa. Nilikaza akili yote kwenye vidole vile, nikasubiri, nikasubiri, na kimya kilipozidi nikajua kwamba ameshanibonyeza na kwamba nisipojibu sasa hivi nitakuwa nimeumbuka.

"Nasikia," nilisema. "Kidole cha mwisho. Unabonyeza cha mwisho. Nasikia vizuri."

Nikafumbua macho. Mikono yake yote miwili ilikuwa mapajani mwake, imekunjwa juu ya kitenge, na alikuwa ananitazama usoni.

"Sijakugusa bado," alisema.